Umetumikia jeshi la Marekani, umerudi Moshi, kazi huiwezi tena: namna ya kudai malipo kamili ya ulemavu

Kaka yangu alirudi Marangu na begi moja la kijani, mgongo usiokunjika na faili la plastiki alilolirusha juu ya kabati. Alikuwa ameingia jeshi la nchi kavu la Marekani baada ya kupata grini kadi. Akaanguka kutoka kwenye lori la jeshi wakati wa mazoezi, baadaye akapelekwa Afghanistan, akarudi na usingizi wa kushtukashtuka. Kwa miaka mitatu alipokea malipo ya ulemavu wa asilimia 40 na kuamini kwamba hayo ndiyo yote, huku hawezi kukaa dukani saa moja bila kusimama na kushika ukuta. Siku nililishusha lile faili, nilikuta karibu kila kitu alichohitaji kudai zaidi kimo humo humo.

Naandika kwa ajili ya wenzake walio Moshi, Arusha, Usa River, Machame na kwingineko, na kwa dada, wake na watoto wao, maana mara nyingi sisi ndio tunaojaza hizo fomu. Kuishi Tanzania hakukuondolei wala hakukupunguzii malipo ya ulemavu. Idara ya Wanajeshi Wastaafu ya Marekani, ambayo wote tunaiita VA, haiulizi una uraia gani leo. Inauliza kama ulitumikia, kama hukuachishwa jeshi kwa aibu, na kama ulemavu wako umetokana na utumishi huo au ulizidishwa nao.

Unachodai hasa

VA hupima ulemavu kwa asilimia, kwa makumi, hadi 100. Kwa viwango vya 2025, mtu asiye na mke wala mtoto mwenye asilimia 70 alilipwa dola 1,759.19 kwa mwezi. Mwenye 100 alilipwa dola 3,831.30. Viwango hurekebishwa kila Desemba kufuatana na gharama za maisha. Angalia pengo lililopo hapo katikati, ndipo utaelewa kwa nini mwongozo huu umeandikwa.

Ipo njia ya kulipwa kwa kiwango cha 100 hata kama asilimia zako hazijafika huko, iwapo ulemavu wa jeshini umekuzuia kupata na kushika kazi ya kukuweka mjini, yaani yenye kipato cha kujikimu. Njia hiyo inajulikana kwa herufi TDIU. Milango yake ya kawaida ni miwili: uwe na ulemavu mmoja wenye asilimia 60 au zaidi, au uwe na kadhaa ambazo kwa pamoja zinafika 70, na mmoja kati ya hizo uwe na angalau 40.

Hapa ndipo watu wengi wanajikosesha wenyewe, kwa sababu VA haijumlishi kama muuza nyanya wa Mbuyuni. Inachukua ulemavu mkubwa kwanza, kisha wa pili unakatwa kwenye kile kilichobaki. Kaka baadaye alipata mgongo 40, msongo wa baada ya vita 30, goti 20. Ukijumlisha kwa vidole unapata 90. Kwa hesabu yao: 40 inaacha 60 ya mtu mzima, asilimia 30 ya hiyo 60 ni 18, tumefika 58, imebaki 42, asilimia 20 yake ni 8 na kitu, tumefika 66. Inakwenda kwenye kumi iliyo karibu, yaani 70. Amepita mlangoni, lakini kwa upenyo mwembamba.

Kingine ambacho sikukijua mwanzoni: majeraha yaliyotokana na ajali moja, au chanzo kimoja, yanaweza kuhesabiwa kama ulemavu mmoja unapotafutiwa ile 60 au ile 40. Yale ya viungo vya mfumo mmoja wa mwili vilevile. Kama mgongo na goti viliumia siku moja kwenye lori moja, liseme waziwazi. Na ukiwa chini ya milango yote miwili, bado faili lako linaweza kupelekwa juu kwa uamuzi wa pekee. Ni njia nyembamba, lakini ipo.

Hatua ya kwanza: tengeneza anwani kabla ya kugusa fomu

Utaniona naanza na jambo dogo. Sisi lilitugharimu karibu mwaka mzima.

Barua za kaka zilikuwa zinakuja kwenye sanduku la posta la watu wengi, lile la taasisi moja ya jirani ambalo nusu ya kijiji wanalitumia. Barua ya kumwita kwenye uchunguzi wa daktari ilikaa kwenye droo ya mtu. Tulipoipata, tarehe ilikuwa imepita wiki tano, na dai lilikuwa limekataliwa kwa sababu hakufika. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini tangu siku hiyo kaka ana sanduku lake mwenyewe mjini Moshi, na ufunguo ninao mimi.

Kwa hiyo: lipia sanduku lako. Sahihisha anwani, namba ya simu ya Tanzania na barua pepe kwenye akaunti yako ya VA.gov. Kuingia humo unatumia Login.gov au ID.me, na tatizo la walio wengi ni kwamba namba ya siri inatumwa kwenye laini ya Marekani waliyoacha kuilipia zamani. Weka programu ya simu inayotoa namba hizo yenyewe bila kutegemea laini, na uiweke kabla laini ya zamani haijazimika.

Upande wa pesa, wengi wetu tunaona ni rahisi kubaki na akaunti ya benki ya Marekani iliyo hai na kutoa hela kwa kadi au kuzituma huku. Usitegemee hundi ya karatasi, kwani serikali ya Marekani iliweka tarehe 30 Septemba 2025 kuwa mwisho wa hundi kwa malipo yake mengi.

Hatua ya pili: funga tarehe yako

Siku hiyo hiyo unapoamua kudai, peleka taarifa ya kusudio la kudai, fomu 21-0966, au anza tu dai lako mtandaoni, nalo linajiandikisha. Taarifa hiyo inakupa mwaka mmoja wa kukusanya ushahidi. Ukikamilisha ndani ya mwaka huo na ukashinda, malipo yanaweza kuhesabiwa tangu siku ulipotoa taarifa. Kila mwezi unaopoteza ukisema "nitaanza nikishapata karatasi zote" ni mwezi ambao hutalipwa. Anza, halafu karatasi zifuate.

Hatua ya tatu: karatasi za jeshi na za hospitali

Unahitaji DD 214, ile cheti ya kuachana na jeshi. Ikiwa imepotea, huombwa kwenye kituo cha kumbukumbu za wanajeshi kilichoko St. Louis, Missouri, na maombi yanafanyika mtandaoni. Unahitaji pia kumbukumbu za matibabu za jeshini, na barua zote za uamuzi ambazo VA imewahi kukutumia. Usitupe hata ile iliyokukataa. Hiyo ndiyo inayokuonyesha ni kitu gani kilikosekana.

Za huku nyumbani: kila kadi ya kliniki, picha ya eksirei, majibu ya MRI, cheti cha dawa. Kaka anatibiwa KCMC, na jalada lake lilikuwa na miaka minne ya malalamiko ya mgongo aliyosahau hata kwamba aliwahi kuyatoa. Omba nakala kwa barua na usisubiri hadi siku ya mwisho. Karatasi yoyote ya Kiswahili iende na tafsiri ya Kiingereza.

Hatua ya nne: fomu 21-8940

Hii ndiyo fomu ya TDIU yenyewe. Inauliza ni ulemavu gani unaokuzuia kufanya kazi, lini ulianza kukuathiri, lini ulifanya kazi ya kutwa kwa mara ya mwisho, waajiri wako wa miaka mitano ya mwisho uliyofanya kazi, saa za wiki, siku ulizokosa kwa ugonjwa, elimu yako, na kama umejaribu kutafuta kazi tangu ulipoacha.

Taja tu ulemavu ambao VA imeshaukubali kuwa umetokana na jeshi. Kisukari au shinikizo la damu visivyohusiana na jeshi havihesabiwi, na ukiviweka humo unawapa sababu ya kusema kwamba hivyo ndivyo vilivyokusimamisha kazi. Umri nao hauhesabiwi. Kwa hiyo usiandike kwamba umezeeka, hata kama una miaka 62 na kila mtu anakuita babu.

Sasa suala la kwetu hasa: shamba na duka. Kaka alitaka kuandika kwamba hana kazi. Lakini ana kihamba chenye migomba na miche ya kahawa, na wakati fulani alikuwa anakaa kwenye duka la binamu yetu la vifaa vya ujenzi. Tukaandika yote. Kwenye kihamba, tukaeleza kwamba anayelima ni kijana wa kibarua, kaka anaelekeza akiwa ameketi barazani, na tukaweka kiasi halisi kilichopatikana kwa mwaka. Kwenye duka, tukaeleza kwamba binamu alimruhusu kulala kwenye gunia za saruji mchana, kuondoka anapozidiwa, na kutokuja siku mbili tatu bila kukatwa hela. VA inatambua kwamba kipato kilicho chini ya kiwango cha umaskini cha mtu mmoja, kinachotangazwa na ofisi ya sensa ya Marekani, si kazi ya kukuweka mjini. Inatambua pia kwamba kazi ya kubebwa na ndugu inaweza isiwe kazi kamili, hata kama malipo yamepita kiwango hicho. Ukificha shamba na baadaye likaonekana, hakuna atakayekuamini kwenye mengine.

Mwajiri wa mwisho anaombwa ajaze fomu 21-4192. Kama ni Mtanzania, nenda kwake mwenyewe, mweleze ni kitu gani, umsaidie kuelewa Kiingereza chake, na usimlazimishe maneno. Asipojibu, dai halifi, ila andika kwamba ulimwomba na tarehe uliyomwomba.

Hatua ya tano: barua ya daktari inayosema kitu

Barua ya kwanza tuliyopewa ilisema kaka ana maumivu sugu ya mgongo na anaendelea na matibabu. Ni kweli, lakini haisaidii. Watu wenye maumivu sugu ya mgongo wanafanya kazi kila siku. Anayesoma faili anataka kujua mwili huu unaweza nini na hauwezi nini.

Tulirudi kwa daktari na karatasi ya maswali tuliyoandika kwa mkono. Anaweza kukaa dakika ngapi kabla ya kulazimika kusimama? Kusimama je? Anaweza kuinua kilo ngapi, mara ngapi kwa siku? Dawa zinampa usingizi? Kwa mwezi, ni siku ngapi hawezi kutoka kitandani? Akili inatulia kwenye jambo moja kwa muda gani? Anavumilia kelele na watu? Daktari alivua miwani, akasoma maswali yote, akamwambia kaka apande kitandani, akampima upya akiandika. Barua ya pili ilikuwa kurasa mbili, na ilisema anaweza kukaa dakika 20 na kuinua kisichozidi kilo nne. Hiyo ndiyo barua iliyonukuliwa kwenye uamuzi.

Iwe kwenye karatasi yenye nembo, kwa Kiingereza, na namba ya usajili wa daktari kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika. Aseme amesoma kumbukumbu zako za jeshini, zitaje. Kama kuna ugonjwa ambao VA bado haijaukubali kuwa wa jeshini, mwombe atoe maoni yake kuhusu chanzo. Kipimo cha VA ni uwezekano wa nusu kwa nusu au zaidi. Daktari akiandika tu kwamba "huenda" umetokana na jeshi, hiyo haifiki nusu.

Hatua ya sita: wanaokuona kila siku

Mke, jirani, mchungaji, yule binamu wa dukani: kila mmoja anaweza kuandika ushahidi kwenye fomu 21-10210. Waeleze waandike walichoona kwa macho. Shemeji yangu aliandika kwamba yeye ndiye humfunga kaka kamba za viatu Jumapili, kwamba siku baruti zilipolia kwenye harusi ya jirani alilala chini ya meza ya chakula, na kwamba hawalali chumba kimoja kwa sababu ya ndoto zake. Ilimwia vigumu kuandika la mwisho. Alilia, akaliandika.

Hatua ya saba: uchunguzi, na neno "nzuri"

VA inaweza kukuita kwa uchunguzi. Huku nje hupangwa kupitia kampuni zenye mkataba nayo au kwa msaada wa ubalozi, kwa hiyo jiandae kusafiri. Kaka aliitwa Dar es Salaam. Tulipanda basi alfajiri, na kila liliposimama alishuka akatembea akizunguka mpaka konda akaita. Mwambie daktari namna ulivyosafiri pia, ni sehemu ya ushahidi.

Lakini lililo kubwa kuliko yote ni hili. Daktari atakuuliza habari. Wewe umelelewa kujibu "nzuri". Umelelewa kusema sijambo hata ukiwa na homa, na kumshukuru Mungu kabla ya kusema linalokuuma. Ni adabu, na ni nzuri kwa majirani. Kwenye chumba kile, "naendelea vizuri, namshukuru Mungu" inaandikwa kama ilivyo, na anayeamua dai huko Marekani anasoma kwamba mgonjwa mwenyewe amesema anaendelea vizuri. Hajui kwamba hiyo ni salamu.

Wanaume wetu wana tabu zaidi hapa. Kaka alifundishwa mara mbili kutolalamika, mara ya kwanza na baba, mara ya pili na jeshi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Usiku kabla ya uchunguzi nilikaa naye gesti, nikamuuliza maswali kama daktari, na kila aliposema "kawaida tu" nikamrudisha mwanzo. Akazoea kusema: leo ni siku nzuri, siku mbaya inakuwa hivi, na kwa mwezi siku mbaya ni nyingi kiasi hiki. Usizidishe hata kidogo. Ukiulizwa kama unaweza kuinama, usijikaze kuinama ili umfurahishe daktari. Simama pale maumivu yanapoanza na umwambie yameanzia hapo.

Kupeleka na kusubiri

Pandisha faili mtandaoni, uhifadhi ukurasa unaothibitisha limepokelewa. Ukilazimika kutumia karatasi, anwani ni ya kituo cha kupokea madai, PO Box 4444, Janesville, Wisconsin 53547-4444. Baki na nakala ya kila ukurasa. Madai ya wengi walio nje hushughulikiwa na ofisi ya Pittsburgh. Kule saa mbili asubuhi ni saa kumi jioni kwetu wakati wa baridi yao, na saa tisa alasiri wakati wa joto lao, kwa hiyo piga simu jioni.

Huhitaji kumlipa mtu. Mashirika kama Disabled American Veterans, American Legion na VFW yana wawakilishi walioidhinishwa na VA wanaosaidia bure, na unawachagua kwa fomu 21-22. Mtu yeyote anayekudai hela ili akuandalie dai la mara ya kwanza anavunja sheria ya Marekani. Wakili aliyeidhinishwa anaweza kulipwa baada ya uamuzi wa kwanza, kwa kawaida asilimia ya malimbikizo, na asilimia 20 ndiyo inayochukuliwa kuwa ya haki.

Wakikataa

Una mwaka mmoja tangu tarehe ya barua. Ukiwa na ushahidi mpya unaohusika, tumia fomu 20-0995. Ukiona ushahidi ulitosha ila umesomwa vibaya, omba mkubwa wao aupitie upya kwa fomu 20-0996. Hapo huongezi kitu. Njia ya tatu ni Bodi ya Rufaa, fomu 10182. Kaka alitumia ya kwanza, na kitu kipya kilikuwa ile barua ya kurasa mbili.

Ukishalipwa

Malipo hayo hayakatwi kodi ya mapato ya Marekani. Ukipata kazi, waarifu. TDIU inaweza kuondolewa ukishika kazi kamili kwa miezi 12 mfululizo. Mke na watoto wanaongeza kiasi ukiwa na asilimia 30 au zaidi, kwa fomu 21-686c, pamoja na cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya RITA. Na barua ikisema ulemavu wako ni kamili na wa kudumu, uliza kuhusu ada za masomo ya watoto na bima ya afya ya familia iitwayo CHAMPVA.

Kwa matibabu yako mwenyewe huku, jiandikishe kwenye mpango wa VA wa matibabu ya nje, FMP, kwa fomu 10-7959f-1. Unalipa hospitali kwanza, kisha unarudishiwa kwa yale yanayohusu ulemavu wa jeshini, mradi upeleke madai ndani ya miaka miwili. Risiti ya jumla ya "dawa na vipimo" itarudishwa. Kabla hujaondoka dirishani kwa mhasibu, omba yenye mchanganuo: jina la ugonjwa, jina la kila dawa na kiasi chake, tarehe, bei ya kila kimoja, na muhuri unaosomeka.